Bahasha ya Ahadi Iliyotufundisha Kuridhiana

Katika mwaka wa nne wa ndoa yetu, mimi na mke wangu tulikaa karibu wiki mbili bila kuzungumza vizuri kwa sababu ya bahasha ya ahadi. Nilikuwa nimesimama mbele ya usharika na kuahidi shilingi 600,000 za ujenzi wa kanisa pasipo kumshirikisha, ilhali fedha hizo hizo yeye alikwisha kuzipangia ada ya mtoto. Kila nilipoiona bahasha ile juu ya kabati nilijiambia kwamba namtetea Mungu nyumbani mwangu, kumbe nilikuwa naitetea heshima yangu mbele ya wazee wa kanisa.

Kilichonigeuza ni Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa kuwa nchi haikuyatosha makundi yao. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, tena ndiye aliyeahidiwa nchi ile, lakini alimwachia mtoto wa ndugu yake achague kwanza, naye Lutu akalichukua bonde la Yordani lenye maji tele. Mimi nilidhani mwenye haki zaidi ndiye wa kungojewa. Hapo nikaona kwamba ndiye anayepaswa kutangulia kuachia.

Jioni ile nilimwomba mke wangu msamaha. Tukakubaliana kwamba ada ilipwe kwanza, na ahadi tuitoe 50,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, yeye mwenyewe akajitolea kuchangia 20,000 kutokana na vitumbua anavyouza.

Hata hivyo, si kila jambo ni la kuachiana. Katika Matendo 15, mitume na wazee kule Yerusalemu walikataa kuwatwika tohara waamini wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwa hapo wokovu wenyewe uliguswa, lakini waliwataka wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyesongolewa, yaani aliyenyongwa, mambo yaliyowakwaza ndugu wa Kiyahudi. Vivyo hivyo, saa ya ibada, fedha za kuwatumia wazazi, au Krismasi iliwe kwa wakwe gani, ni mambo ya kulegezeana. Kipigo, uongo na uzinzi havina nusu kwa nusu, na inaniuma sana mke anayepigwa anapoambiwa avumilie ili amani idumu.

Mwaka huu ahadi zilipoitishwa nilibaki nimeketi. Tulipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, mke wangu aliniuliza ningependa tutoe kiasi gani.