Bango lililosomwa kutoka kulia

Ndugu uliyeuliza utajuaje kama hadithi za watoto unazoandika kwa miaka miwili sasa zinamfaa mtu au zinakutafutia sifa tu, nitakujibu kwa yaliyonifika mwenyewe. Mimi ni mchoraji, na swali lako nililipata kinywani mwa bibi mmoja.

Zahanati moja ya pwani ya Tanga iliniomba nichore bango la kuwaelekeza akina mama namna ya kutengeneza, pale pakiti za ORS, yaani dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, zinapokosekana, maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha: maji safi na salama lita moja, sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya mfuto, si vya kilima. Nilichora picha nne kwa mstari mmoja, kuanzia mtoto aliyelegea mapajani mwa mamaye hadi yule anayecheza uani. Nakiri kwamba siku mbili nzima nilizimalizia kwenye maua ya kanga na mwanga unaoingia dirishani, kwa sababu nilikuwa nikiwawazia wachoraji wenzangu watakaolitazama.

Kabla ya kulitundika, muuguzi alimwonyesha bibi aliyemleta mjukuu wake kliniki. Bibi huyo alisoma chuo cha Kurani tangu utotoni na jicho lake limezoea hati za Kiarabu, hivyo alianzia kulia: akamwona mtoto mzima anayecheza, halafu anakunywa, halafu amelala hoi. Akanigeukia akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona dawa hii inamwangusha mtoto?"

Sikuwa na jibu. Nililirudisha bango nyumbani, nikazipanga picha upya kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa asomaye kutoka kushoto na asomaye kutoka kulia wote huanzia juu. Kijiko nilikichora kwa ukubwa wake halisi, ili mama aweze kukilinganisha na chake, maana chumvi ikizidi, maji hayo humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Dirisha nililifuta lote, na mpaka leo linaniuma kidogo.

Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama kazi yako ina lengo, jiulize unamwandikia nani, na awe mtu unayeweza kumtaja jina. Mshairi Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alikuwa akimwusia kwanza binti yake, na wasomaji wa baadaye nao wamenufaika. Mchague mtoto mmoja wa jirani, umsomee hadithi yako jioni bila kumweleza lolote, kisha uangalie ni wapi anapoanza kuchezea vidole vyake na ni wapi anapokukatiza kwa swali.

Kuhusu malipo, ambayo uliyagusia kwa aibu, mimi nililipwa kwa bango lile na sioni haya kusema hivyo. Wanaotuhimiza wasanii tujitolee mara nyingi wana mishahara yao.

Bibi alipoletewa bango la pili aliweka kidole juu ya mtoto aliyelegea, akashuka nacho polepole hadi kwenye kijiko, akasimama hapo, kisha akaomba aletewe kijiko cha jikoni apime.