Maswali yenu: uzio wa biashara kabla ya masika

*Geti la yadi yangu Mbagala limeshika kutu. Nipake rangi gani?*

Kila Februari swali ni hili hili. Rangi haiui kutu! Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, paka ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, ndipo uje na rangi yako. Angalia zaidi palipochomelewa. Moto wa kuchomelea huunguza zinki inayokinga chuma, na chumvi ya bahari hupenya hapo kwanza.

*Nguzo za zege za uzio wa godauni zinainama. Fundi anataka akaze waya.*

Anataka hela ya haraka huyo. Nguzo ndiyo hushika waya, siyo waya kushika nguzo. Fukua moja uone imezama kiasi gani. Uzio wa mita 2 unataka walau sentimita 60 ardhini, na zaidi kwenye mfinyanzi mweusi, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nguzo za kona ziwekewe mihimili ya kuziegemeza. Zege jipya lipewe mteremko juu ili maji yasituame shinani, na limwagiliwe siku 7 kabla ya kuvuta waya. Anayeanza mvua ikishanyesha anamwaga saruji kwenye tope.

*Oili chafu inazuia mchwa kwenye nguzo za mkaratusi?*

Inabaki juu juu, kisha mvua inaipeleka kisimani. Nunua zilizotiwa dawa kiwandani, na ukizipunguza urefu, upande uliokatwa ukae juu.

*King'ora cha uzio wa umeme kinalia ovyo mvua ikinyesha.*

Fyeka majani yanayogusa nyaya.

*Jirani anataka nizibe matundu ya chini ya ukuta wangu, maji yanamwagikia kwake.*

Usizibe. Maji yakikosa pa kutokea, udongo nyuma ya ukuta unalowa, unakuwa mzito na kuusukuma. Jirani naye ana haki yake: chimba mtaro upande wako, na mkubaliane mbele ya mwenyekiti wa mtaa maji yaelekee wapi. Ukiona ufa wa mlalo, au ukuta umetoa tumbo, mwite mhandisi. Plasta itaficha tu. Na kama umepangisha mama lishe na mafundi viatu chini yake, wahamishe leo, kodi utaidai baadaye.