Kwa Nini Wachukue Damu ya Mama na Si Mate?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 74, ninakaa naye hapa Korogwe. Watafiti wa mambo ya uzee wamepita mtaani kwetu, wanaomba damu yake wakapime telomea, na wanasema watarudi tena baada ya miaka mitatu. Jirani anadai kipimo hicho hata mate yanatosha, kwa hiyo damu hiyo wana lao jambo. Mama naye anauliza kama majibu yatamwambia atakufa lini. Tukubali?
Mama Neema

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mama: mwambie hapana, hakuna maabara inayoweza kumsomea siku yake humo. Telomea ni ncha za kromosomu, yaani nyuzi za DNA (kemikali ya urithi) zilizo ndani ya seli; kwenye ncha hizo herufi sita za DNA, TTAGGG, zinajirudia mara nyingi mno, na seli inapogawanyika ncha hizo hupungua. Lakini watu hatukuzaliwa na urefu mmoja. Mtu wa miaka 74 anaweza kuwa nazo ndefu kuliko jirani yake wa miaka 50. Watafiti wanaangalia watu wengi kwa pamoja, si mama peke yake.

Jirani hajakosea kuhusu mate, yana DNA na wapo wanaoyatumia. Ila ndani ya mate kuna chembe nyeupe za damu, seli za ngozi ya mdomo na bakteria, na mchanganyiko huo haufanani leo na kesho. Isitoshe, mtu asile, asinywe wala asivute kitu kwa nusu saa kabla ya kutema. Wazee wetu wengi midomo yao ni mikavu, na mwingine ana ugoro mdomoni tangu asubuhi. Kwenye damu, chembe nyekundu hazina kiini, mahali DNA inapokaa, kwa hiyo DNA karibu yote inatoka kwenye chembe nyeupe. Nimefanya kazi maabara ya damu karibu maisha yangu yote, na kwa kipimo hiki ningechagua damu.

Siku hiyo kaa karibu uangalie. Kichupa kiwe cha kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya EDTA ya kuzuia damu isigande. Cha kijani kina heparini, ambayo huvuruga PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA mara nyingi ili ipimike. Mchukuaji akipindue taratibu mara nane hadi kumi, asikitikise kwa nguvu, kisha aandike saa palepale. Huko maabara damu ikishazungushwa kwenye mashine hujitenga: juu maji ya manjano, chini nyekundu, na katikati utando mweupe mwembamba sana, ambao mkono wenye haraka huuvuruga. Chembe nyeupe ziko hapo.

Unaweza kuona nakazania vitu vidogo. Sababu ni hii: chembe nyeupe za mtu mzima hupoteza wastani wa jozi 20 hadi 30 za herufi za telomea kwa mwaka (herufi za DNA hukaa mbili mbili). Chukua telomea ya jozi 7,000. Kosa la asilimia 5 tu ni jozi 350, zaidi ya upungufu wa miaka kumi! Sasa damu ikikaa juani, au friza ikazimika umeme ulipokatika, sampuli ikayeyuka na kugandishwa tena, DNA hukatikakatika. Miaka mitatu ya mama itaonekanaje hapo? Ndiyo maana wakirudi wachukue damu tena, kwa kichupa cha aina ileile, na DNA itolewe kwa njia ileile. Wakija na mate safari hiyo, waulize watalinganishaje.

Kama mama amekuwa na homa au kifua wiki hizo, waambie wapange siku nyingine. Ugonjwa hubadilisha aina za chembe nyeupe zilizopo kwenye damu, na urefu wa telomea hutofautiana kati ya aina hizo.

Kuhusu kukubali, uamuzi ni wa mama mwenyewe. Wakuonyesheni kibali cha maadili cha utafiti, kwa mfano cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Soma sehemu inayosema damu itatunzwa muda gani, kama itapelekwa nje ya nchi, na kama mama anaweza kujitoa. Sehemu hiyo ikikosekana, mimi nisingemruhusu mama yangu atie dole gumba.

Kufunga hakuhitajiki kwa telomea. Kama wanapima na sukari watakuambieni. La sivyo anywe chai yake, na maji ya kutosha ili mshipa uonekane. Kama anatumia dawa za kuyeyusha damu, awaambie kabla ya sindano, na pamba aibane vizuri kwa dakika tano.