Hakuna mti usioshika moto

SWALI: Habari mtaalamu. Sisi ni vijana 22 tunaoishi chini ya Menengai, hapa Nakuru. Tumeamua kujitolea kila Jumamosi kuusaidia msitu kabla ya kiangazi, maana moshi tumechoka kuuona. Muuza miche mmoja anasema ana miti isiyoshika moto, tukipanda mistari mitatu ukingoni moto utaishia hapo. Mwingine anatushauri tuchome nyasi wenyewe mapema. Tushike lipi?

JIBU: Msishike lolote kati ya hayo, na pesa za kikundi zikae mfukoni. Hakuna mti usioshika moto. Anayewauzia mche kwa maneno hayo anawaibia, na afadhali angewaibia pesa tu, kwa sababu anawaachia pia imani kwamba ukingo wenu una ulinzi.

Swali hili naletewa mara kwa mara, hasa tangu ile sikukuu ya kupanda miti ya Novemba 13, 2023. Kampeni ya miti bilioni 15 ifikapo 2032 naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini watu wengi wametoka nayo wakiamini kwamba kila ugonjwa wa msitu dawa yake ni mche. Moto hautibiwi kwa mche.

Moto wa msituni hutembea chini. Chakula chake cha kwanza ni nyasi, majani makavu na vijiti vyembamba kama kalamu, na vitu hivyo hukauka kwa saa chache tu. Nendeni ukingoni Januari, saa moja asubuhi, mkakunje konzi ya nyasi: zinapinda, zina umande. Rudini saa nane mchana. Nyasi zilezile zinavunjika mkononi kama biskuti. Mti mbichi ukisimama juu ya nyasi hizo hauzuii kitu. Moto unampita miguuni mlinzi wenu na kuendelea na safari.

Kinachochanganywa hapa ni kustahimili moto na kuzuia moto. Mti wenye gome nene huweza kuungua kisha ukachipua tena, lakini uhodari huo ni wake mwenyewe, jirani yake haufaidi. Mkonge na mshubiri hushika moto polepole kwa sababu ya maji yake, ni kweli, ila nyasi zikishaota katikati ya mashina, ua hilo halina kazi tena. Na nimewahi kwenda kuiona hiyo miche ya ajabu, nikakuta ni mikaratusi! Mti wenye mafuta majanini, unaobambuka magome na kuyatandaza chini yake. Kama bado mnaamini ubichi ni kinga, tieni tawi bichi la leleshwa jikoni, mlisikie linavyotatarika.

Huyo wa kuchoma mapema naye ananiudhi zaidi, kwa sababu ushauri wake una chembe ya ukweli. Wapo wataalamu wanaopunguza nyasi kwa moto, lakini wana kibali, mkanda wa udongo mtupu wa kuzuia moto umeshalimwa kuzunguka eneo lote, watu na maji wako tayari, na upepo umepimwa. Nyinyi mtakuwa na kiberiti na matawi. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila kibali, na Menengai ni miteremko mitupu. Moto ukipanda mlima, ndimi zake huinamia nyasi za juu na kuzikausha kabla hazijaguswa, na upepo wa mchana huusukuma kuelekea kukohuko. Hamtaukimbilia mkaufikia.

Kazi yenyewe haina picha nzuri. Nendeni kituo cha Huduma ya Misitu, mwombe kufanya kazi pamoja na chama cha jamii cha msitu, kile tunachokiita CFA. Wao ndio wanaojua mikanda ya kuzuia moto ilipo na ipi imefunikwa na magugu. Bebeni fyekeo, majembe na reki. Kufyeka peke yake hakutoshi: kwaruzeni mpaka udongo mtupu uonekane, mizizi ya nyasi na majani yaliyooza yote yaondoke. Kipimo cha kuanzia ni upana wa mara moja na nusu ya urefu wa vichaka vilivyo kando, na kwenye mteremko au upepo ongezeni.

Mkipewa shamba la misaipras, pogoeni matawi ya chini kwa urefu anaoonyesha mhifadhi, ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia vileleni. Hapa nasisitiza. Kikundi kimoja nilichowahi kukikagua kilipogoa vizuri sana, kisha kikarundika matawi yote kwenye mashina ya miti ileile. Baada ya wiki chache yalikuwa mabiwi makavu, ya rangi ya kahawia, yanayongoja cheche. Miti ile ilikuwa na usalama zaidi kabla hawajafika. Kila mnachokata kitolewe nje ya msitu siku hiyohiyo, hata kama hiyo ndiyo nusu ya kazi, na kwa kweli ndiyo.

Anzeni mwishoni mwa Novemba, nyasi zinapoanza kugeuka rangi. Mkanda uliofyekwa Julai huwa umeshaota tena. Januari na Februari rudini na reki tu, kwa sababu upepo hurudisha majani juu ya udongo mliousafisha.

Na moto ukitokea, pigeni simu kituoni kwanza. Msipande kusimama juu yake mlimani kwa sababu yoyote ile, wala asiwepo kati yenu wa kwenda kuuzima na kandambili na jezi ya nailoni, maana nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.