Bibi Mkutubi Anajibu: Nimfuate Profesa Mwenye Nukuu Nyingi?

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi ni fundi wa maabara hapa Bagamoyo. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya elimu ya kinga mwilini, na maprofesa wawili wamekubali kunisimamia. Wa kwanza makala zake zimenukuliwa mara 12,000, h-indeksi yake 41. Wa pili amenukuliwa mara 640, h-indeksi 13. Wenzangu wanasema nikimwacha wa kwanza nitajuta. Nifanyeje?
Binti wa Dunda

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Kwanza, namba hizo umezitoa wapi? Google Scholar na Scopus ni maghala ya mtandaoni yanayohesabu nukuu. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na makala ambazo bado hazijahakikiwa, kwa hiyo hesabu yake kwa kawaida huizidi ya Scopus. Kama namba za kila profesa umezitoa kwenye ghala tofauti, anza upya.

H-indeksi ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Hiyo 13 maana yake ana makala 13 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 13. Haishuki kamwe, hata mtu akistaafu, basi aliyetangulia kazini ana faida. Na haisemi hata kidogo nani alifanya nini.

Hapo ndipo pagumu, hasa kwetu huku pwani. Chukua jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S: vituo 11 katika nchi 7, Bagamoyo na Korogwe vikiwamo, watoto zaidi ya 15,000. Makala zake zimenukuliwa mno, na zinastahili, kwani Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo. Lakini kazi kama hiyo hubeba majina ya watu wengi: aliyeongoza kituo, aliyesimamia maabara, aliyechambua takwimu. Nukuu hazigawanywi, kila mmoja huhesabiwa zote. Makala tatu nne za namna hiyo zinamfikisha mtu kwenye maelfu. Ni kazi ya heshima, na huenda wewe mwenyewe umeshika mirija ya damu ya majaribio kama hayo. Ila sasa unatafuta mtu wa kukufundisha kuuliza swali lako mwenyewe na kulijibu.

Kwa hiyo fungua orodha ya makala, uangalie majina yamekaaje. Katika fani yenu, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeifanya kazi, wa mwisho ndiye mkuu wa kikundi. Hesabu makala ambazo mwanafunzi yuko mwanzo na profesa yuko mwisho. Ukikuta kumi kwa yule wa 640 na mbili kwa yule wa 12,000, mimi ningekwenda kwa wa 640 bila kusita.

Wala usidhani nukuu chache ni kazi hafifu. Watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 namna ya kuibadili RNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ili kinga ya mwili isiishambulie. Miaka mingi ni wachache waliojali. Kisha zikaja chanjo za UVIKO-19 zilizotumia mbinu hiyo, na mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kuna na hili la majina, ambalo bado linaniuma. Nikiwa kazini Tanga, alinijia mtafiti aliyenyimwa cheo kwa kuwa na makala chache. Tulikaa alasiri nzima tukazitafuta. Zilikuwa zimetawanyika mahali patatu: pengine Abdallah, pengine Abdalla, pengine jina la babu limewekwa mbele. Kamati ilikuwa imeona theluthi moja tu ya kazi yake! Basi mtazame huyo wa pili kwa kila namna jina lake linavyoandikwa. Na wewe jisajili ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti isiyobadilika hata jina likiandikwa vingine, wiki hii, kabla hujachapisha hata moja; ni bure, utapewa tarakimu 16 zako peke yako.

Mwisho watafute wanafunzi wao wa zamani, wawili wawili, uwapigie simu. Uliza rasimu ya kwanza ilikaa kwa profesa muda gani kabla ya kurudi, na ilirudi na nini pembeni. Wakishakujibu, niandikie tena.