M14 au M1A?

Swali: Bunduki mpya za kiraia zinazofanana na M14 ya jeshi la Marekani ziitweje?

Jibu: Tafadhali usiziite M14. Hiyo ni silaha iliyoidhinishwa na jeshi mwaka 1957, iliyoundwa kufyatua risasi moja moja au mfululizo. M1A, ya moja moja tu, ni jina la kibiashara la bunduki ya kiraia ya kampuni ya Springfield Armory ya Illinois. Wengi hukosea hapa, kwani kampuni hiyo binafsi ilichukua jina la kiwanda cha serikali cha Massachusetts kilichofungwa 1968. Ili kujua ni ipi, soma maandishi yaliyochongwa nyuma ya kilengeo cha nyuma. Mtutu au kitako visikudanganye. Huweza kuwa vipuri halisi vya jeshi. Ya kampuni nyingine? Andika “nakala ya M14”, kisha jina la mtengenezaji.