Drili ya kampuni gani itayaweza mawe ya Mwanza?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi wa aluminiamu na grili, nipo Buswelu. Drili yangu imeungua wiki iliyopita nikiwa Mabatini, nikifunga mabano ya tenki la maji kwenye ukuta ambao nusu yake ni jiwe lenyewe. Ilikuwa imeandikwa wati 1200 na sijaitumia hata miezi sita. Sasa kila mtu ana lake. Mmoja anasema chukua Makita, mwingine Bosch, jirani yangu wa karakana anatumia Ingco na sijamsikia akilalamika, na kuna mzee mmoja ana Total ya siku nyingi. Nina laki tatu na nusu. Nipe jina moja tu la kuaminika nikanunue.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina nitakupa, ila nivumilie kidogo, kwa sababu drili yako haikuuawa na jina. Kilichoiua umekitaja mwenyewe: ukuta ambao nusu yake ni jiwe.

Wenzetu wa Dar wakishauriana habari za drili wanazungumzia tofali na zege. Sisi huku tumejenga juu ya granaiti. Lile Jiwe la Bismarck wanalopigia picha wageni pale ziwani ni ndugu wa jiwe lililoko nyuma ya jiko la mtu Mabatini, Igogo au Bugando. Zege la nyumba ya kawaida likikauka vizuri huhimili mgandamizo wa megapaskali 20 hadi 30. Granaiti nzima huanzia kama 100 na inaweza kupita 200. Kwa hiyo mashine inayopita kwenye nguzo ya zege kama kisu kwenye papai inaweza kufika kwenye jiwe ikabaki inalia tu.

Ukienda dukani ukasema unataka drili ya kugonga, utapewa moja kati ya mashine mbili ambazo kwa mbali ni kama mapacha. Ya kwanza ni drili ya kawaida, yenye kichwa cha kubania biti (kile chuma cha kutobolea) kwa ufunguo na kitufe chenye picha ya nyundo juu yake. Ndani ina visahani viwili vya chuma vyenye meno. Ukibonyeza kitufe vinasuguana, jino likiruka jino ndiyo pigo. Makita HP1630 ni ya aina hiyo: wati 710, mapigo yanafika 48,000 kwa dakika. Namba inatisha, lakini kila pigo ni kama mtoto anayebisha hodi kwa kidole. Nguvu yenyewe inatoka kwenye bega lako.

Ya pili ni hama ya SDS. Hii haina ufunguo. Unachomeka biti yenye mifereji kwenye mkia, inaingia kwa mlio wa "taki". Ndani kuna pistoni inayosukuma hewa, hewa inarusha kinyundo cha chuma, na kinyundo kinapiga mkia wa biti. Makita HR2470 ina wati 780, karibu sawa na ile ya kwanza, na mapigo yake ni 4,500 tu kwa dakika, hata moja ya kumi hayafiki. Ila kila pigo lina juli 2.4. Chukua jiwe la kilo moja, liachie kutoka urefu wa sentimita 24 hivi, kisha fikiria hilo linatokea mara 75 kila sekunde kwenye ncha ya biti. Hapo granaiti inaanza kukusikiliza.

Mimi hili nililijua kwa hela yangu. Nilipokuwa naanza nilinunua drili ya visahani, stika inang'aa, jina kubwa, nikapanda nayo kilimani Bugando kumfungia mama mmoja dishi la televisheni. Tundu la kwanza liliangukia tofali, sekunde kumi nimemaliza. La pili likaangukia jiwe. Nikaegemea kwa bega, nikaegemea kwa kifua, jasho linanidondokea machoni. Nilipochomoa, tundu lilikuwa na kina cha ukucha wangu, ncha ya biti imegeuka rangi ya bluu, na kwenye matundu ya hewa ya mashine kunatoka harufu ile ya vanishi inayoungua ambayo ukishainusa mara moja huisahau tena. Yule mama akaniletea maji. Akasema, "Pumzika baba, hilo jiwe lilikuwepo kabla ya babu yako." Drili ilikufa kesho yake. Nilimlaumu aliyeitengeneza kwa miaka miwili mpaka nilipoanza kuzifungua mwenyewe mezani nikaona kosa lilikuwa la nani.

Na hizo wati 1200 zisikusumbue. Wati ni chakula inachokula mashine, si kazi inayofanya. Tena kwenye drili za bei ya chee hiyo namba mara nyingi ni mapambo. Ukishika mashine nyepesi, nyaya zake nyembamba, halafu inadai wati nyingi kuliko hama ya mafundi wakubwa, mwenye stika anakutania.

Haya, majina. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba jina moja linaweza kubeba ngazi mbili au tatu za ubora. Bosch wana za kijani kwa ajili ya matumizi ya nyumbani na za bluu kwa ajili ya mafundi wanaokula kwa mashine. Anayesema "nina Bosch" hajakwambia kitu mpaka umuulize rangi. DeWalt, Stanley na Black+Decker zote zina mwenye mali mmoja Marekani, lakini ukizifungua mezani hazikutengenezewa kazi moja. Makita wa Japani nina upendeleo nao, nakiri. Walianza mwaka 1915 mjini Nagoya wakiuza na kutengeneza mota, yaani walianzia kwenye meza kama yangu. Mashine zao zinafunguka vizuri na kurudishiwa vizuri, na hilo kwangu ni nusu ya ubora.

Ingco na Total ni za China, na sitazisema vibaya. Jirani yako hakudanganyi. Kwa fundi anayetoboa matundu kumi au kumi na tano kwa siku, mengi kwenye tofali, hama yao ya SDS inafanya kazi. Ninachokiona zikifika mezani kwangu ni kwamba hazipendi kubanwa mfululizo. Makita au Bosch ya bluu ukiichosha itakusamehe mara nyingi. Hizi zinasamehe mara chache. Anayepiga jiwe kutwa nzima, siku sita kwa wiki, asizitegemee.

Lakini kipimo changu cha uaminifu hakipo kwenye boksi, kipo kwenye droo ya muuzaji. Kabla hujalipa, mwambie akuonyeshe kaboni za mashine hiyohiyo, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Asikuelezee, akuonyeshe. Halafu muulize swichi, halafu amacha, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Kaboni ni kitu cha bei ndogo mno, lakini zikiisha ukaendelea kukaza kitufe, cheche zinachoma komyuteta, yaani duara la shaba linalosuguliwa na kaboni, na hapo amacha nzima inaondoka kwa sababu ya kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Mashine ambayo kaboni zake lazima zisubiri basi kutoka Kariakoo, kwako wewe wa Buswelu si ya kuaminika, hata kama imetengenezwa na malaika. Ninazo mbili hapa chini ya meza za namna hiyo, nzuri kabisa, zimelala mwaka wa pili zinasubiri spea.

Angalia pia mtumba. Kuna drili zinakuja zimetumika Uingereza, imara kweli, plagi ya njano ya duara. Muuzaji anakata plagi anaweka ya kwetu. Hizo ni za volti 110. Kule kwenye maeneo ya ujenzi wanatumia umeme huo kwa usalama. Za Japani ni volti 100. Sisi TANESCO wanatuletea 230. Ukichomeka inazunguka kwa kasi ya ajabu, unafurahi, dakika moja baadaye moshi. Soma kibati cha pembeni kabla ya kitu kingine chochote: lazima kiandike 220 hadi 240. Kikiwa kimefutika au kimebanduliwa, rudisha mezani uondoke.

Umeme mdogo nao unaua, ila polepole. Hama ya wati 800 inavuta ampea tatu na nusu hivi. Ukitumia waya wa kuunganishia wa mita 50 wenye unene wa milimita za mraba 0.75 unapoteza volti nane njiani, na wakati wa kuwaka zaidi ya hapo. Kama nyumba yenyewe jioni ina volti 190, au unatumia jenereta dogo linalokohoa, mota inazunguka taratibu, feni yake inapunguza upepo, wewe unakandamiza zaidi, koili zinaiva. Nunua waya wa 1.5, na ukiwa kazini ukunjue wote, usiache umezungushwa kwenye kibonge.

Ukiwa kaunta, omba ichomekwe. Iwashe bila biti, chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu ni kawaida, duara zima la moto wa njano si kawaida. Zima, sikiliza inavyosimama. Ikikwaruza kama mchanga kwenye meno, beringi hizo. Hama ya SDS ikiwa hewani haigongi, usiseme ni mbovu. Weka biti, ikandamize kwenye kipande cha tofali, ndipo itaanza. Soma jina kwenye mwili wa mashine herufi kwa herufi, maana feki nyingi zinabadilisha herufi moja tu. Na ukikuta Makita au Bosch kwa nusu ya bei ya maduka mengine matatu uliyopita, basi umekuta stika yao, mashine ni ya mtu mwingine. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hakuna waranti bila karatasi.

Kwa hiyo, hela yako. Zunguka kwanza uulize HR2470, au hama ya bluu ya Bosch ya kundi la GBH 2. Ukiipata halali kwa laki tatu na nusu, ichukue; ukipungukiwa kiasi unachoweza kukijaza ndani ya wiki mbili, ngoja. Kama kazi haingoji, chukua hama mpya ya SDS ya Ingco au Total, ya wati 800 hivi, ambayo kaboni zake umeziona kwa macho, na chenji inayobaki usiile: weka kwenye biti. Kwa kazi yako ya Mabatini ni heri nikuone na Total yenye biti nzuri kuliko Makita yenye biti za kuokoteza.

Biti za SDS za ukubwa huu, SDS-plus, zinaingia kwenye hama ya SDS-plus ya kampuni yoyote. Mkia huo wa milimita 10 ulibuniwa na Bosch pamoja na Hilti mwaka 1975, na sasa umekuwa wa wote. Tafuta zenye ncha ya makali manne badala ya mawili. Zikigonga nondo hazinasi kirahisi na tundu linatoka duara. Paka grisi kidogo kwenye mkia kila asubuhi. Kwenye jiwe anza na milimita 6, ukifika kina unachotaka ndipo uweke 10 au 12, na kila baada ya sentimita mbili chomoa ili unga utoke. Usiegemee. Mashine ikiwa ya kweli mkono wako kazi yake ni kuishikilia tu. Funga barakoa puani, vumbi la granaiti lina silika na mapafu hayauzwi sokoni Makoroboi.

Za betri nimeziruka makusudi. Kwa jiwe na kwa laki tatu na nusu, bado.

Ile iliyoungua usimpe mtu wa vyuma chakavu kwanza. Fungua vile vifuniko viwili vya plastiki pembeni, chomoa kaboni uzipime. Zikiwa zimebaki chini ya milimita 5 na shaba ya komyuteta bado inang'aa, huenda ni kaboni tu, nunua jozi uirudishie. Ukikuta waya za amacha zimekuwa nyeusi na zinanuka, niletee nione kama inafaa kusukwa upya au amacha nyingine ni nafuu zaidi. Ikipona, uizime kitufe cha nyundo moja kwa moja, ibaki kutoboa aluminiamu, mbao na bati. Hama ya SDS haibani biti ya milimita 3 ya kwenye fremu zako mpaka uinunulie kichwa kingine, na kikichomekwa humo kinachezacheza.